Kushikilia, kuuza au kuongeza: hisa za kampuni ya madini inayoyumba

Kila kampuni ya madini inapoanza kutikisika, sisi tunaowekeza fedha zetu wenyewe hapa Dar hugawanyika. Wapo wanaosema shikilia, wapo wanaosema uza uchukue kilichobaki, na wapo wachache wenye ujasiri wa kuongeza fedha bei ikiwa chini. Mwaka huu mjadala umerudi kwenye kikundi chetu kwa sababu ya kampuni moja ya dhahabu isiyoorodheshwa sokoni. Baadhi yetu tuna hisa zake, na jina lake sitalitaja. Mgodi uko Kanda ya Ziwa, mbale (mwamba wenye dhahabu) ipo, lakini kampuni inadaiwa na wenye mitambo ya kukodi, hesabu zilizokaguliwa zimechelewa, na sasa imetuandikia barua ikiomba wanahisa waongeze mtaji.

Nina msimamo, na nauweka mapema ili anayesoma ajue ninakotokea. Mgodi na hisa yako ni vitu viwili. Mgodi unaweza kuinuka, mitambo ikanguruma, dhahabu ikatoka, na wewe uliyevumilia miaka yote ukawa umeshatolewa, au umo kwa kiasi kisichokusaidia kitu. Kwa hiyo swali la kulinganisha chaguo hizi tatu si kama chini kuna dhahabu. Swali ni nani atakuwa anamiliki mgodi siku utakapoinuka, na wewe utafikaje siku hiyo.

Wanaoshikilia wanasemaje

Hoja yao ni nzito na haistahili kudharauliwa. Bei ya dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza Agosti 2020, ikavuka dola 3,000 Machi 2025, na Oktoba mwaka huohuo ikapita dola 4,000. Hisa ya mgodi hupanda kwa kasi kuliko dhahabu yenyewe, na sababu ni hesabu ya kawaida. Chukua mgodi unaotumia dola 1,500 kutoa wakia moja, gharama zote zikiwemo, na dhahabu inauzwa dola 1,700. Faida ni dola 200. Bei ikipanda kwa asilimia 10 inafika dola 1,870, na faida inakuwa dola 370, karibu mara mbili. Mwenye dhahabu kabatini amepata asilimia 10, mwenye mgodi amepata asilimia 85.

Hesabu hiyohiyo igeuze. Bei ikishuka kwa asilimia 10 inakuwa dola 1,530, na faida inabaki dola 30. Kinu kikiharibika wiki mbili, hata hizo 30 hazipo. Ndiyo maana kampuni yenye gharama kubwa huonekana tajiri mwaka huu na maskini mwaka ujao bila kubadilisha chochote.

Lakini kuna jambo ambalo wenzetu wanaoshikilia hulipita haraka. Kama dhahabu imepanda kiasi hicho, na kampuni ya dhahabu bado inayumba, basi tatizo lake halitokani na bei na halitatibiwa na bei. Kuna kitu ndani. Huenda kiwango cha dhahabu kwenye mwamba ni kidogo kuliko walivyotuambia. Huenda imekwishauza dhahabu ya miaka ijayo kwa bei ya zamani ili ipate fedha za haraka, kwa hiyo kila bei inapopanda anayefaidi ni aliyenunua mapema. Huenda riba inakula kila kinachotoka. Anayekuambia ushikilie kwa sababu dhahabu imepanda, mwombe akuonyeshe kwanza ni kwa nini kupanda huko hakujaifikia kampuni.

Wanaouza wanasemaje

Wao wanaongelea muda. Fedha iliyokaa miaka mitano bila gawio imepoteza vyote ambavyo ingeweza kufanya kwingine. Na madini huisha. Buzwagi, kule Kahama, ilianza uzalishaji 2009, na 2021 ilikuwa imekwisha kabisa, hata lundo la mbale lililobaki juu lilikuwa limeshachakatwa. Benki ikiyumba miaka mitano, ikipona inaendelea na biashara ileile. Mgodi ukiyumba miaka mitano, mitambo inachakaa, maji yanajaa chini, leseni inasogea kwenye mwisho wake, na gharama ya kuanza upya huangukia mtu. Mara nyingi huangukia mwenye hisa.

Udhaifu wa kundi hili ni kuuza kwa hofu. Wengi huuza siku ya habari mbaya, na bei ya siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Tuliyokwisha kuyaona: Acacia, Mwadui, New Luika

Hapa ndipo ninapotaka tukae muda mrefu kidogo, kwa sababu majibu mengi yako kwenye kumbukumbu zilizo wazi, na mjadala wetu huenda kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea nchini.

Acacia, kampuni ya dhahabu, iliuza hisa zake kwa mara ya kwanza London 2010 ikiitwa African Barrick Gold, kwa peni 575 kila moja. Mwishoni mwa 2011 ikaorodheshwa pia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na 2014 ikabadili jina. Ilikuwa na migodi mitatu: Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara. Machi 2017 serikali ikazuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini unaopelekwa nje kuyeyushwa. Bulyanhulu na Buzwagi ziliguswa moja kwa moja kwa sababu sehemu kubwa ya mapato yao ilitoka kwenye makinikia hayo, huku North Mara ikiendelea kutoa dhahabu yake. Makontena 277 yakabaki Dar. Mei ikaja ripoti ya kamati ya Profesa Mruma iliyoundwa na serikali kuchunguza makinikia hayo, Juni ikaja ya Profesa Osoro, na Julai ikaja hesabu ya kodi ya dola bilioni 190, riba na adhabu zikiwemo. Kwa miezi hiyo hisa ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake.

Sasa angalia waliokaa kwenye meza ya mazungumzo. Hawakuwa Acacia. Serikali iliongea na Barrick ya Canada, iliyokuwa na asilimia 63.9 ya Acacia. Oktoba 2017 wakatangaza makubaliano ya awali: serikali ipate asilimia 16 ya migodi, faida za kiuchumi zigawanywe nusu kwa nusu, na zilipwe dola milioni 300. Wenye asilimia 36.1 iliyobaki, yaani akina sisi, walisoma makubaliano hayo kwenye magazeti kama kila mtu. Mwenye hisa chache angeweza kuwa na hoja nzuri kuliko zote duniani, lakini hakuwa na kiti.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2019, Barrick ikamaliza kuwanunua wanahisa hao. Kila hisa moja ya Acacia ililipwa hisa 0.168 ya Barrick, pamoja na haki ya malipo fulani ya baadaye yatokanayo na mali za utafiti. Mwenye hisa 1,000 akapata hisa 168 za Barrick. Thamani yake siku hiyo haikufika nusu ya zile peni 575 za mwanzo. Mwezi huohuo zuio la bwawa la topesumu (tope la mabaki ya uchenjuaji) la North Mara, lililokuwa limewekwa Julai, likaondolewa. Januari 2020 mikataba ikatiwa saini, Twiga Minerals ikasimama ikiwa na serikali kwa asilimia 16 na Barrick kwa 84, na baada ya hapo Bulyanhulu ikafunguliwa tena. Kisha dhahabu ikapanda.

Basi migodi iliinuka. Waliosema "hii migodi haifi" walikuwa sahihi kabisa kuhusu migodi. Aliyepokea hisa za Barrick na kuzitunza hadi katikati ya 2020 alifaidi kidogo kupanda kwa dhahabu, na haki hiyo tumpe. Ila kuinuka kwenyewe, kule Kakola iliko Bulyanhulu na Nyamongo iliko North Mara, kulikuwa kwa mwingine.

Mwadui ni hadithi ya deni. Petra Diamonds, iliyoorodheshwa London, ilikuwa na asilimia 75 ya mgodi wa almasi wa Williamson, ulioko Mwadui, Shinyanga, serikali ikiwa na 25. Septemba 2017 almasi zenye karati 71,654 zilishikiliwa Dar. Hilo liliumiza, lakini kilichowamaliza wanahisa kilikuwa kwingine. Kampuni ilikuwa imekopa dola milioni 650, hasa kwa upanuzi wa migodi yake ya Afrika Kusini, na muda wa kulipa ukakaribia bei ya almasi ikiwa imelala. Mwaka 2021 wakopeshaji wakakubali sehemu ya deni igeuzwe hisa, na wao wakachukua asilimia 91 ya kampuni. Wanahisa wa zamani wakabaki na asilimia 9. Hakuna hata hisa moja waliyonyang'anywa. Siku ya kugeuza deni kila mtu alibaki na idadi yake ileile, ila aliyekuwa na asilimia 1 ya kampuni alijikuta na asilimia 0.09. Baada ya hapo hata almasi ingepanda, sehemu yake ya kampuni isingerudi ilikokuwa.

New Luika, mgodi wa Shanta Gold kule Songwe, ndiyo mfano ambao wanaoshikilia wanapaswa kuutumia badala ya kusema tu dhahabu itapanda. Shanta nayo iliyumba: deni, marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani yaliyokaa miaka serikalini, hisa ikiuzwa chini ya peni 10. Lakini mgodi ulikuwa unatoa dhahabu kila mwezi kwa faida, menejimenti mpya iliyoingia 2017 ikakata gharama na kulipa deni kutokana na fedha za mgodi wenyewe, kisha ikajenga mgodi wa pili Singida. Hakukuwa na mwanahisa mmoja mwenye zaidi ya nusu. Mnunuzi alipokuja na peni 13.5, baadhi ya wanahisa walikataa, ofa ikapandishwa hadi 14.85, na 2024 kampuni ikanunuliwa. Aliyenunua wakati wa hofu alitoka na faida, na kura yake ilikuwa na uzito.

Ukiziweka tatu pamoja, utaona dhahabu au almasi ilikuwepo chini kote. Kilichotofautisha ni mambo mawili: kama fedha ya kuinuka ilitoka ndani ya mgodi au kwa mkopeshaji, na kama kulikuwa na mmoja mkubwa anayeweza kuamua peke yake.

Barua ya kuongeza mtaji

Nirudi kwenye kampuni yetu. Barua ilikuwa ya kurasa nne, yenye picha ya mtambo mpya wa kusaga mbale na maelezo marefu kuhusu bei ya dhahabu. Karibu na mwisho kulikuwa na sentensi moja: kampuni imepata mkopo kutoka kwa mfadhili, wenye haki ya kugeuzwa kuwa hisa. Wengi tuliipita. Mama mmoja kwenye kikundi, mwalimu mstaafu wa Temeke, ndiye aliyeisimamia.

"Mwanangu," alimwambia kijana aliyetumwa na kampuni kutuelezea, "huyu aliyekopesha akigeuza mkopo wake, mimi nabaki na nini?"

"Mama, unabaki na hisa zako zilezile, haziguswi."

"Zilezile nimekusikia. Kati ya ngapi?"

Kijana hakuwa na jibu, akaahidi kulileta. Na hadi jibu hilo lije kwa maandishi, likiwa na bei ya kugeuza na tarehe, mimi naona hakuna hata sababu ya kuanza kujadili kuongeza.

Liongeze na jambo la sheria ambalo wawekezaji wengi hawalijui. Tangu marekebisho ya 2017, serikali inapata angalau asilimia 16 kwenye kampuni yenye leseni ya uchimbaji wa kati au mkubwa, bila kulipia, na umiliki huo haupungui hisa mpya zinapotolewa. Maana yake, kampuni ikitoa hisa mpya, kupungua kote kunawaangukia wasio serikali. Silalamikii sheria hiyo. Nchi ilikuwa na haki ya kudai sehemu yake. Nasema tu kwamba anayepiga hesabu ya hisa zake lazima aipige juu ya kile kinachobaki baada ya 16, na juu ya mapato yaliyokwishatozwa mrabaha, yaani malipo ya serikali kwenye madini yaliyouzwa. Mwaka huo wa 2017 mrabaha wa dhahabu ulitoka asilimia 4 ukawa 6, na ikaja ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Hivyo vyote hutozwa kwenye mauzo, hata kama kampuni haina faida.

Kuongeza mtaji si kosa daima. Kunaweza kuwa chaguo bora kuliko kushikilia tu, kwa sababu anayeshikilia bila kuongeza ndiye anayepunguzwa. Ila nataka kuona vitu vitatu kabla ya kutoa shilingi: fedha inakwenda kwenye kitu kinachoongeza uzalishaji na si kulipa madeni ya jana, mkopeshaji naye amekubali kuachia kitu, hata kuongeza muda, na wakurugenzi wenyewe wanaweka fedha zao kwa bei ileile. Kikikosekana cha tatu, mimi sitaki hata kusikia habari ya viwili vya kwanza.

Iliyo sokoni na isiyo sokoni

Kuuza kunahitaji mnunuzi. Hata Acacia ilipokuwa kwenye soko la Dar, miamala yake hapa ilikuwa nadra, kama ilivyo kwa hisa nyingi zilizoorodheshwa sehemu mbili. Bei ilipangwa London. Lakini angalau kulikuwa na bei, taarifa zilitoka kwa tarehe, na dalali alikuwa anajulikana. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya asilimia 5, la isiyoorodheshwa asilimia 10.

Kwenye kampuni isiyo sokoni, "kuuza" mara nyingi maana yake ni kumwomba mkurugenzi akutafutie mtu, au kumuuzia mwanahisa mwenzako kwa bei mnayokubaliana mkiwa mmekaa. Kwa hiyo katika hali hiyo chaguo la kuuza ni dogo kuliko linavyosikika, na nguvu yako iko kwingine. Wanahisa wenye angalau asilimia 10 ya mtaji wenye kura wanaweza kudai mkutano usio wa kawaida uitishwe. Watu kumi na tano wa Kariakoo, Mbagala na Tegeta wenye asilimia moja moja ni kelele tu wakiwa mbalimbali. Wakiandika barua moja, kampuni inalazimika kuwajibu.

Kabla ya yote hayo, nenda BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, utafute jalada la kampuni: wanahisa ni nani, wakurugenzi ni nani, mali zipi zimewekwa rehani na kwa nani. Kisha angalia leseni kwa Tume ya Madini. Leseni ya utafiti haimruhusu mtu kuchimba. Leseni ya mchimbaji mdogo ni ya Watanzania na ni ya eneo dogo. Leseni ya uchimbaji wa kati ni ya miaka isiyozidi kumi. Ukiambiwa "tuna mgodi" kisha ukute karatasi ya utafiti, umeshapata jibu lako. Na kama mtu anawauzia hisa watu wa mtaani bila waraka wa matarajio ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, sioni haja ya kulinganisha chochote. Hiyo fedha ibaki mfukoni.

Fedha hiyohiyo ikienda kwingine

Chukua shilingi milioni 5. Hatifungani ya serikali, yaani mkopo unaoipa serikali ikulipe riba, ya miaka 25 ilipotolewa mara ya kwanza 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Kwa milioni 5 hiyo ni shilingi 797,500 kwa mwaka, inayolipwa kwa awamu mbili za 398,750. Mwaka uliofuata riba ya hatifungani mpya ya miaka hiyohiyo ilishushwa hadi asilimia 12.56, ambayo ni shilingi 628,000. Unaanza na milioni 1 kwenye mnada wa Benki Kuu, na ukikwama unaweza kuuza kwenye soko la upili. Kwa mfumuko wa bei wa kuzunguka asilimia 3 tulio nao miaka hii, hayo ni mapato halisi.

Maana yake kwa hisa ya mgodi inaumiza kidogo. Ukishikilia miaka mitano bila gawio, hisa hiyo lazima ipande kwa karibu asilimia 84 ndipo ulingane na yule aliyechukua asilimia 12.56 na kuizungusha tena kila inapolipwa kwa riba ya kiwango hicho. Mkishakaa kikao cha kushikilia, andikeni namba hiyo mahali paonekane.

Kwa upande wa hisa, NMB iliuzwa kwa umma 2008 kwa shilingi 600, na 2024 ilikuwa imevuka shilingi 5,000, magawio ya katikati ukiyaweka pembeni. Si kila benki imefanya hivyo. Zipo ndogo zilizokaa miaka chini ya bei yao ya kuanzia. Lakini ona tofauti ya aina ya hatari. Ya benki unaweza kuifuatilia kila robo mwaka kwenye gazeti. Ya mgodi iko mita mia kadhaa chini ya ardhi, kwenye mkataba wa mkopo usiouona, na kwenye ofisi ambayo hujaalikwa.

UTT, yaani mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ni kwa wasiotaka kufuatilia chochote. Zaidi ya hapo sina la kuongeza kuhusu hilo.

Nani achukue lipi

Mwenye fedha za ada ya mtoto, za kujenga, au kiinua mgongo: uza ukipata mnunuzi wa bei isiyo ya kudhalilisha, usiongeze, na fedha iende kwenye hatifungani. Nasema hivi nikimfikiria yule mwalimu wa Temeke. Kiinua mgongo hakijirudii, na kampuni hii haijui hata itamlipa lini.

Aliye na mshahara unaoendelea, ambaye hisa hizi ni sehemu ndogo ya alivyo navyo, ana haki ya kushikilia, mradi mgodi unazalisha leo na deni linapungua. Namaanisha linapungua kwenye hesabu zilizokaguliwa. Maneno ya mkutanoni hayatoshi. Hiyo ndiyo hali ya Shanta. Kama mgodi umesimama na fedha ya kuuamsha inategemea mkopeshaji mwenye haki ya kugeuza deni, hiyo ni Petra, na kushikilia hapo ni kusubiri kupunguzwa. Kama ugomvi ni wa leseni au kodi na kuna mwanahisa mmoja mwenye zaidi ya nusu, hiyo ni Acacia. Hapo mimi ningeuza mapema, kwenye mshtuko wa kwanza wa bei kurudi juu, maana ugomvi wa namna hiyo huisha kwa wakubwa kuelewana, na mdogo huletewa bei aliyopangiwa.

Kuongeza ni kwa mtu anayeweza kuipoteza fedha hiyo yote na bado akalala, na aliyesoma mkataba wa mkopo kwa macho yake mwenyewe. Kwenye kikundi chetu tuko wawili au watatu wa namna hiyo, na hata sisi hatutaongeza kabla ya jibu la yule mama.

Kwa sasa tumekubaliana kuandika barua moja yenye saini zetu wote, tukidai hesabu zilizokaguliwa, bei ya kugeuza mkopo, na orodha ya wakurugenzi wanaoongeza mtaji. Tumeipa kampuni siku 21. Jibu lisipokuja tutaomba mkutano usio wa kawaida, na wale wanne wenye mnunuzi tayari watauza bila kusubiri mkutano.